Damu ya Mama Iliyopitia kwa Kinyozi

Mpendwa Shangazi,

Nakuomba msaada na tafadhali usinicheke, maana kwangu hakukaliki, mke wangu na mama yangu hawasemeshani na wote wawili wananikodolea macho mimi. Mke wangu ni mtaalamu wa maabara, anapima damu za watu, na ni mtu wa masharti huyo, kila asubuhi kabla hajagusa damu ya mgonjwa hata mmoja lazima kwanza apime sampuli ambayo jibu lake analijua, eti aone kama mashine imeamka vizuri, na ikikosea basi hakuna kazi mpaka irekebishwe, watu wasonye wasisonye. Sasa mama ana sukari na magoti yanamsumbua, kwa hiyo jirani yetu muuguzi alimtoa damu palepale sebuleni, asubuhi kabla hajala, akanikabidhi kichupa akasema nikiwahishe kwa mke wangu, nami nikakitia kwenye mfuko wa shati nikaondoka mara moja, nikapitia kwa kinyozi tu kidogo, foleni ilikuwepo na jua lilikuwa kali na ubishi wa mpira ulikuwa umenoga, lakini nilifika salama na kichupa hakikuvunjika.

Mke wangu akakitazama, akauliza, "Imetolewa saa ngapi hii?" Nikasema asubuhi. "Na hapa mmeandika Mama. Mama yupi?" Nikamwambia mama, mama yangu! Akasema, "Mume wangu, kila damu humu ni ya mama wa mtu," akakataa kuipima, mbele ya wenzake, Shangazi, akaniambia nimlete mama mwenyewe. Nikakasirika, nikavuka barabara hadi maabara nyingine, jamaa wa pale hakuuliza lolote, akapima, sukari ikatoka safi kuliko ilivyowahi kuwa. Mama alipiga vigelegele! Akafungia dawa kabatini, tangu juzi anakunywa chai yenye sukari ya kujazia, na anasema mkwe wake alitaka tu aendelee kuumwa. Mke wangu anasema jibu lile ni la uongo. Damu ni ile ile na mashine ni mashine, sasa nimwamini nani?

Mume wa Katikati

*

Mume wa Katikati, katikati ya wapi? Wewe uko kwenye kiti cha kinyozi.

Umeniomba nisicheke, nimeshindwa. Ila nilipofika kwenye chai ya sukari ya kujazia, kicheko kilinikauka. Umeandika "nikapitia kwa kinyozi tu kidogo", halafu ukaendelea na safari yako kana kwamba hujasema kitu. Kesi nzima iko hapo, baba! Damu ikitoka mwilini haijafa. Chembechembe zake bado zina njaa, na chakula chake ni sukari iliyomo humo kichupani. Wewe unanyolewa na kubishania ofsaidi, zenyewe ziko mfukoni zinakula, na joto linazipa hamu. Jamaa wa ng'ambo ya barabara alipima makombo. Mashine yake huenda haikukosea hata kidogo, ilipima ilichopewa. Ipo dawa ya kutia kichupani kuzuia ulaji huo, lakini hujui kama chako kilikuwa nayo, na aliyekipima hakujisumbua kuuliza.

Pole, lakini. Kukataliwa mbele ya watu kunauma, na mkeo angeweza kukuvuta pembeni. Mwambie nimesema. Ila na wewe, mtu mzima, unaandika "Mama" kwenye kichupa cha damu? Je, kingekuwepo kingine pembeni kimeandikwa hivyo hivyo na mtoto mwingine mpenda kinyozi? Daktari angempunguzia dawa mama wa nani?

Sasa ukimaliza kusoma, inuka. Mpigie daktari wa mama leo hii, si kesho, umweleze kwamba ameacha dawa na kwa nini, na mfanye atakachosema. Bakuli la sukari litoke mezani. Kisha kaa na mama umwambie kwa kinywa chako, "Mama, kosa ni langu, nilipita kunyoa." Usitaje foleni wala jua. Atakugombeza mpaka jirani muuguzi asikie, nawe utanyamaza. Asubuhi mtafutie gari, mshike mkono taratibu kwa ajili ya hayo magoti, mfikishe kwa mkeo kabla hajala, atolewe damu palepale, na jina lake kamili liandikwe mbele ya macho yake, pamoja na saa.

Umeuliza umwamini nani. Wewe na huyo jamaa mlimpa mama jibu alilolitamani. Mkeo alikubali kununiwa na nyumba nzima kuliko kumpa mama yako jibu asilokuwa na hakika nalo. Mimi mkwe wa namna hiyo ningemtafutia kiti cha mbele.

Na hiyo asubuhi, mwanangu, usipitie popote. Umeshanyolewa.