Bibi Aliyenishika Mkono Praha

Dada Mumbua mpendwa,

Mko salama hapo Woodbury? Leo Praha imeamka na ukungu, hata sanamu za darajani zinafanana na watu waliosimama kuongea. Nilipokuwa navuka daraja, mawe yalikuwa yanateleza. Bibi mmoja mzee akanishika mkono, akasema neno la kwao. Nikamjibu, "Twende polepole, Mama." Tukavuka hivyo, tukicheka. Tulipofika ng'ambo akanipapasa shavu, na machozi yakanitoka. Tangu mama yetu azikwe Machakos nasi huku ughaibuni tukitazama kwenye simu, sikuwa nimelia. Akanikumbatia mpaka nikatulia, kisha akanunua mkate wa mdalasini, tukagawana. Nimerudi hotelini nikalala kama mtoto. Nawe, siku ambayo huna shifti kazini, jilalie. Na ukitaka kulia, lia, dada yangu. Nakupenda sana.

Mdogo wako,
Wanza