Koti Langu na Posa ya Rungwe

Kalenga, Iringa
Juni 1957

Mpwa wangu Joachim,

Pokea salamu za mjomba wako Liberatus. Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika kama walevi waliofungiwa kilabu. Mama yako Verediana hajambo, anauliza kama huko Uingereza unakula ugali au wanakudanganya kwa viazi. Nawe je, u mzima?

Nimerudi kutoka Rungwe kukuposea Damari, na ushindi wangu hujapata kuusikia. Baba yake, mzee Alinanuswe, alitokwa na machozi kwa maneno yangu, akaniomba nimchukue binti bure, bila hata mbuzi. Haya, uongo. Machozi yalikuwa ya moshi wa kuni mbichi, na ng'ombe anawataka wote.

Tena nilikuta umeshaniharibia. Nani alikufundisha kumwandikia mkwe wewe mwenyewe, mshenga akiwa bado kwenye basi? Barua iliyopigwa mashine, yenye vifungu! Kimoja cha mahari, kingine cha tarehe, kingine eti mkikosana aitwe mtu wa tatu aamue. Mzee aliisoma mbele ya ndugu zake, kisha akaniuliza kama tumekuja kuoa au kununua kahawa. Nawe ndiye unayesomea mapatano ya mataifa na biashara zao! Wahehe wa kwenu na Wanyakyusa wa mkweo tu wamekushinda.

Nikaiomba hiyo karatasi, nikaikunja, nikaitia motoni, nikawashia kiko changu. Nyumba nzima ikacheka. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akaagiza niletewe ndizi. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza kama watu. Habari ya mchungaji wao na padri wetu, nani afungishe ndoa, tumekuachia wewe; hao ndio mataifa yako ya kwanza kupatanisha.

Basi mzee amekubali. Usirukeruke, kaa chini. Liko sharti: hakuna harusi mpaka umalize masomo na cheti tukione. Ukiacha chuo sasa, kama ulivyomwandikia mama yako, uje kushika ukarani Mbeya ili uoe upesi, posa imekufa.

Najua hapo unamlaani mkwe wako. Mwache, hana kosa. Yeye alisema uje tu, muoane mavuno yakiisha. Sharti nimeliweka mimi, mshenga wako. Ulinituma nikutetee, nami nikakufunga kamba.

Sikiliza sababu. Kabla hatujamaliza mazungumzo nilimsindikiza mzee kupeleka kahawa yake kwenye ghala la ushirika. Karani akamtajia bei. Mzee akauliza nani kaipanga, karani akajibu imetoka ng'ambo. Ng'ambo kwa nani, hakujua. Mzee akarudi nyumbani na magunia matupu begani. Nikajisemea: wa kwetu yuko huko huko, anajifunza kukaa kwenye meza inayopanga hizo bei, halafu aiache kwa sababu ana haraka ya mke? Haiwezekani, hata ukilia. Nilipomweleza mzee, akasema basi sharti hilo ni la kwake pia, na atakayelivunja asipite mlangoni kwake.

Damari aliletewa habari na shangazi yake. Nilidhani atanuna. Kumbe alicheka, akasema mjomba wako amemtangulia tu kuliweka sharti hilo. Yeye aliahidiwa msomi, makarani wako tele Tukuyu. Atakusubiri. Amini usiamini, huyo ni mkali kuliko sisi sote.

Kwa hiyo kasirika leo, kesho ufungue vitabu. Mama yako anakusalimu, na majirani wote wa Kalenga wanakusalimu, hata wale usiowapenda.

Nakudai kitu kidogo. Siku ulipopanda basi pale Mlandege ulivaa koti langu zito, ukasema utalirudisha. Rungwe kuna baridi, nimetetemeka mbele ya wakwe kama mwizi. Nalitaka koti langu. Ila usilitume kwa posta. Uliondoka nalo mwilini. Nirudishie ukiwa umelivaa, na cheti kimo mfukoni.

Ni mimi mjomba wako,
Liberatus