Gari Ishuke, Akai Apande

Jumatatu, 3 Machi

Maji ya redieta sawa. Oili sawa. Kuku wawili chini ya bodi, nimewafukuza kwa matusi. Tairi ya nyuma kushoto inapumua polepole kama mimi. Nimepiga stati, imewaka mara ya pili.

Halafu Akai. Mke wangu amekuja na fimbo yake mpaka kwenye mlango wa pikapu, ameshika chuma cha mlango, amesimama. Mguu mzuri ulitetemeka zaidi kuliko ule mbaya. Amesimama hapo mpaka injini ikapata moto. Kisha akarudi kivulini.

Mwezi wa kwanza alikuwa akiingia garini kwa kupandia kreti ya soda. Kreti iliteleza, paja likavunjika. Hospitali ya Lodwar walimtia chuma ndani ya mfupa. Alirudi na ambulansi, wanaume wanne wakamshusha kwa machela, na tangu siku hiyo ameapa hatabebwa tena kama maiti. Sasa kidonda hakifungi. Wamesema arudi Alhamisi tarehe 20, bila kukosa.

Nimemwambia apandie ekicholong yangu, hiki kigoda ninachokalia mchana na kulazia kichwa usiku. Ameniangalia kama nimemtukania mama. Mwanamke hakanyagi ekicholong ya mume wake. Nikasema mimi nimeruhusu, Mungu akiuliza nitamjibu.

"Wewe hata Mungu hakuamini," akasema. "Gari ishuke. Mimi sipandi."

Nimecheka. Lakini nilipobadilisha bandeji nilisikia paja lina joto. Sijamwambia. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi

Nimekata fito, nimepima. Kutoka mchangani mpaka sakafu ya gari. Kisha kutoka mchangani mpaka kimo ambacho Akai anaweza kukanyaga na kujiinua. Amelalamika kwamba nampima kama mbuzi wa mnada. Tofauti ni vidole vitano.

Vidole vitano! Nimeendesha malori ya chakula mpaka Lokichoggio miaka ile risasi zinalia kama nzige. Leo vidole vitano vimenishinda.

Teksi za chini zipo, lakini ziko lami, na lami iko ng'ambo ya mto Tarach. Huku kwetu hakuna daraja. Laga, huo mto mkavu, ni mchanga mtupu, teksi ikiingia inalala kama ngamia aliyegoma. Pikipiki hawezi, paja halifunguki. Ni pikapu au hakuna.

Jirani yangu Lopeyok amepita na mbuzi wake. Aliposikia nashusha gari alicheka mpaka akakaa chini.

"Turkana nzima watu wanainua gari, wewe unashusha? Unataka kuchunga mchwa?"

Nikamwambia naishusha ifike kimo chake, apate kujifunza kuendesha. Lopeyok ni mfupi. Akasema basi nichimbe mashimo mawili, magurudumu yaingie, mama apande. Si wazo baya kwa mtu mfupi. Nyumbani sawa. Lodwar je? Nitachimba lami ya hospitali?

Alhamisi, 6 Machi

Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, kwa fundi Bahati. Mkongomani, mlokole, huimba mapambio akiwa chini ya gari. Akinyamaza ujue bolti imekatika.

Nimemwambia akate springi tumalize.

"Papa, nikikata springi utabeba nini? Upepo?"

Akanivuta nilale chini naye, mzee mzima na mvi zangu, akanionyesha. Nyuma, ekseli imekaa juu ya springi. Ukiweka kipande cha chuma katikati, ekseli inapanda na bodi inashuka, lakini springi inabaki na nguvu zake zote. Difu, lile bonge la katikati ya ekseli, haishuki hata kidogo, kwa hiyo nyuma hatutakwama. Mbele kuna vyuma virefu vinavyojipinda, ndivyo springi ya mbele. Ukilegeza bolti zake pua inashuka. Ila mbele kuna tumbo la chuma chini ya injini. Hilo linashuka pamoja na pua.

Nikasema nataka vidole vitano. Akatikisa kichwa.

"Bitatu. Bitano ni ya lami. Weye unapita mu muchanga."

Nikasema vitano. Akasema vitatu. Nikamtajia mguu wa Akai. Akaacha kufuta mikono, akaniangalia kwa huruma, na bado akasema vitatu. Mtu mgumu. Anamwomba Mungu kwa sauti lakini na mteja habembelezi.

Jumanne, 11 Machi

Imekwisha. Vipande vya chuma vidole vitatu, yubolti mpya ndefu, shoki fupi. Ameongeza jani moja nene la chuma chini ya springi ili mzigo usiikandamize. Bomba la moshi amelipandisha na kulifunga karibu na bodi. Mbele amelegeza bolti kwa kuhesabu kila mzunguko, kisha akapiga alama ya rangi nyeupe.

"Usiguse hapa, papa. Ukigusa, mimi sipo."

Nimeijaribu. Mapipa mawili ya maji na mbuzi sita wa Lopeyok. Hakuna kilichogusana. Laga nimeivuka, tumbo likapangusa mchanga kidogo tu, kama mtu anayejikuna. Nimefurahi. Gari inaonekana kama kijana wa Nairobi aliyeshusha suruali, lakini inafanya kazi.

Jioni Akai akajaribu. Unyayo umefika ukingoni. Umefika kabisa! Lakini kujisukuma juu ameshindwa. Mara tatu. Mara ya tatu ametoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku alipozaa.

Bado vidole viwili.

Jumapili, 16 Machi

Kidonda kinanuka. Yeye anajua na mimi najua. Tunazungumza juu ya mbuzi.

Nimempa uji, ameacha. Nimemtania kwamba akikonda zaidi nitamweka kwenye kibweta cha gari pamoja na spana. Hakucheka. Miaka arobaini na kitu amekuwa akinicheka hata nisipostahili.

Nimeomba kumbeba mwenyewe, mimi peke yangu, hakuna atakayeona. Amekataa. Nikapandisha sauti. Akasema kwa upole, "Nikibebwa tena sitarudi." Ameliamini hilo kama anavyoamini jua. Nitambeba kwa nguvu? Afie mikononi mwangu akinichukia?

Mawingu upande wa Uganda. Hapa vumbi tupu. Mvua ya kule milimani ndiyo huleta maji hapa bila kubisha hodi.

Naogopa mguu. Naogopa laga. Naogopa kunyamaza kwake kuliko vyote viwili.

Jumatano, 19 Machi

Nimegusa.

Asubuhi Akai akiwa amelala nimechukua spana, nikaingia chini ya pikapu. Bolti ya kulia, bolti ya kushoto. Alama nyeupe ya Bahati imezunguka ikapotea. Sikuhesabu. Nilikuwa nasimamisha ile fito tu kando ya mlango kila mara, mpaka sakafu ikafika alama ya mguu wa Akai.

Pua imeinama kama nguruwe anayenusa. Raba ya mbele inayozuia vyuma visigongane imekaribia kugusa chuma. Lakini saa nne Akai amekuja, ameshika mlango, ameweka unyayo, ameingia. Mara moja! Ameketi akiangalia mbele kama mke wa chifu.

"Umeona?" akasema. "Ilikuwa inataka kubembelezwa."

Nikamwambia mimi pia. Amecheka. Kidogo, lakini amecheka.

Sikumpigia Bahati simu. Najua angesema nini. Sikuijaribu laga, kwa sababu niliogopa kujua.

Mawingu yale yamekuwa meusi.

Alhamisi, 20 Machi

Lodwar. Naandika nimekaa kwenye benchi ya hospitali, mguu mmoja hauna kiatu.

Tuliondoka jua likitoka. Laga ilikuwa kavu. Nilitoa upepo kidogo kwenye tairi nisizame, nikamwambia Akai ashike fimbo, nikaingia kwa kasi. Nilijua njia, nimeipita mara elfu.

Katikati tumbo likauma mchanga. Halikupangusa. Liliuma. Pua ikawa jembe, ikachimba mfereji wake, na gari ikasimama. Nikarudisha nyuma, ikachimba nyuma. Nikaenda mbele, ikalala. Nilizima injini ili nifikiri, na ndipo nikasikia.

Si sauti ya maji. Ni kama lori zito kwenye kokoto, mbali. Halafu harufu ya vumbi lililolowa. Lopeyok alikuwa ng'ambo ya nyumbani na mbuzi wake. Alipiga mluzi, akapunga fimbo, akapiga kelele, "Ngakipi! Ngakipi!" Maji. Kama sikujua.

Nasema ukweli, hakuna anayesoma hapa. Niliushika usukani na sikuweza kuuachilia. Nilifikiri: nimemuua. Nimemuua kwa spana.

Akai ndiye aliyefungua mlango. Gari ilikuwa imelala kiasi kwamba sakafu ilikaribiana na mchanga. Alitoa unyayo akaweka chini, bila kushuka, kama mtu anayetoka ndani ya nyumba yake. Akasimama. Akachukua fimbo.

"Baki na mke wako huyo wa chuma," akaniambia. "Mimi naenda kliniki."

Akaanza kutembea kuelekea upande wa lami. Hatua, fimbo, hatua, fimbo. Polepole! Nilichukua mfuko wa bandeji na kadi ya hospitali nikamfuata, nikimwambia akimbie, mwanamke mwenye chuma pajani. Povu lilitokea kwenye kona ya laga, na vijiti, na mzoga wa kondoo. Kwenye ukingo alishindwa. Nikamsukuma matakoni, kwa mikono miwili, Lopeyok akitazama kutoka ng'ambo. Hakulalamika. Mimi maji yalinikuta magotini, yakachukua sandali yangu ya kushoto. Akai alinishika kola akanivuta. Yeye kunivuta mimi!

Tuligeuka. Pikapu ilizunguka taratibu, ikaelekea upande wa nyumbani, maji yakapita madirishani.

Kutoka hapo mpaka lami si mbali. Tulitumia saa nzima. Teksi ya kwanza ilisimama, ya chini, safi. Akai aliingia peke yake.

Hapa wameniuliza kwa Kizungu, nikajibu kwa Kiturkana, tukakutana katika Kiswahili. Wamempeleka ndani. Usaha uko mpaka kwenye chuma. Daktari amesema siku mbili zaidi na wangekuwa wanazungumza kuhusu kukata mguu. Sasa wanafungua na kuosha. Sijui zaidi. Mlango umefungwa.

Naogopa bado.

Ijumaa, 21 Machi

Mguu upo. Nimeviona vidole, vyote vitano, nimevihesabu.

Lopeyok alimpigia Bahati, Bahati akanipigia mimi. Maji yamekwisha. Pikapu imejaa tope mpaka usukani lakini imekwama kwenye mti, haikuenda mbali. Ameenda kuiangalia mwenyewe, akalala chini yake kwenye tope. Akaniuliza jambo moja: nilizungusha bolti mara ngapi?

Nikasema sikuhesabu.

Nikangoja anitukane. Ningependa anitukane.

"Papa," akasema mwishowe. "Mama iko muzima?"

Nikasema yuko mzima. Akasema basi ataosha injini kwanza. Nimekaa na simu sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata.

Kama ningeiacha kwenye vidole vitatu, gari ingevuka. Lakini Akai asingekuwa ndani. Na kama ingekuwa juu kama zamani na ikakwama pale, asingeshuka. Nimeligeuza hili jambo kila upande na halinipi ruhusa ya kujisifu.

Jumatatu, 24 Machi

Lodwar. Joto kali. Feni ya wodi inazunguka bila kupuliza.

Nimemwambia Akai. Yote, bolti na alama nyeupe. Aliendelea kuangalia dari.

"Nilikuwa macho," akasema. "Nilikusikia ukitukana spana."

Nikamuuliza kwa nini basi aliingia.

Alisogea kwenye kitanda, polepole, akaacha nafasi ukingoni. Muuguzi ameshakataza watu kukalia vitanda. Nikakaa. Wameleta chai ya maziwa, amekunywa nusu, nimemaliza nusu. Paja halina joto leo. Nimeweka kiganja hapo mara mbili kuhakikisha, na mara ya tatu bila sababu.

Sasa amelala. Anakoroma kidogo.