Difu ya Mbele

Jumatano, mvua haijakatika

Kosmas bado anasema gari letu limeharibika kwa kuwa magari ya mtumba ndivyo yalivyo. Si mtumba. Ni yeye, mdogo wangu, aliyetoka Mikese mpaka mjini kwenye lami kavu huku amefunga magurudumu yote manne yavute pamoja, eti gari linakuwa na nguvu.

Nilishamweleza. Kwenye kona magurudumu ya mbele huzunguka zaidi kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi huteleza kidogo, mvutano unaisha. Kwenye lami haziwezi kuteleza, basi mzigo wote unaishia kwenye difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, na meno yake yanaumia.

"Kaka, wewe umezoea magari ya serikali," alinijibu. "Haya yanayoingia siku hizi ni mengine."

Siku hizi kila mwenye gari ni fundi.

Leo nilikuwa namleta mama hospitali kutoka Matombo, homa imemzidi, hawezi hata kukaa. Kwenye mwinuko wa utelezi nikaingiza magurudumu ya mbele. Difu ikalia kama mawe ndani ya sufuria, halafu kimya. Ya nyuma yakabaki yanachimba tope tu.

Majirani walimbeba kwa machela, mvua inampiga usoni, mpaka tulipopata lori la ndizi. Nilidhani tutamzika.

Tumemuwahi, daktari amesema. Kosmas alifika jioni, nguo kavu. Maneno yangu nilikuwa nimeshayapanga.

Mama akafumbua macho, akanitazama nilivyolowa, akauliza, "Kosmas amekula?"