Taa za Krismasi Mpakani

Jumamosi, 8 Desemba 1951
Asubuhi nimesahihisha madaftari ya darasa la pili. Mchana gulioni: chumvi, sabuni, dagaa. Kisha kwenye kamba, kama kila Jumamosi tangu mpaka ufungwe. Ndui iko ng'ambo, upande wa Nakonde. Askari wamekata njia kwa kamba, hapiti mtu. Tunasimama kila mtu upande wake na kupaza sauti. Mdogo wangu Eliza alikuja na mtoto wake Sara mgongoni. Alisema nimekonda kwa kukosa mtu wa kugombana naye. Nilicheka. Njiani nikalia. Nimemlea Eliza tangu mama afariki, na sasa namwona bila kumgusa.

Jumanne, 11 Desemba
Mhindi mwenye duka kubwa ameleta injini kwa lori. Mkesha wa Krismasi taa za umeme zitawashwa kiwanjani, karibu na mpaka. Bure, kwa watu wote. Tunduma haijawahi kuona kitu kama hicho. Darasani hakuna anayesikiliza hesabu. Nimepewa kwaya. Sauti ya pili wanapotea.

Jumamosi, 15 Desemba
Nimemweleza Eliza habari za taa. Aliruka kama mtoto. "Nitaziona kutoka huku, dada! Taa hazina mpaka!" Tumepatana: taa zikiwaka, kila mmoja asimame kwenye kamba upande wake.
Hakukaa sana. Alisema kichwa kinamuuma, ni jua tu. Leo hapakuwa na jua.

Jumamosi, 22 Desemba
Hakuja. Nimesubiri mpaka wauzaji wakafunga mizigo yao.
Nilimwomba askari anipitishe. Nilimsihi. Nikamtukana. Akasema, "Mwalimu, hata mama yangu mimi yuko huko." Nimemchukia, kisha nikamwonea huruma, kisha nikamchukia tena.
Sijala.

Jumatatu, 24 Desemba
Nitaandika yote, maana usingizi hauji.
Watu walifurika tangu jua kuzama. Wengine wametoka Ndalambo kwa miguu, watoto mabegani. Mvua ilikuwa imekatika, kiwanja matope matupu. Wameweka miti, wakatundika nyaya na taa za rangi kutoka mti hadi mti. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alihutubia kwa Kiswahili chake. Injini ikanguruma. Ikazimika. Watu wakaguna. Ikanguruma tena, na taa zikawaka zote kwa pamoja. Bibi mmoja pembeni yangu alifunika uso kwa mikono miwili. Vigelegele. Kwaya ikaanza, na sauti ya pili hawakupotea.
Mimi nilishaondoka mbele yao. Nilikwenda kwenye kamba.
Mwanga ulivuka. Ng'ambo nao walikuwa wamejaa, nyuso nyekundu, nyuso za kijani, wanacheka. Nilitafuta kitambaa cha kichwa cha Eliza. Nikamwona Yona, mumewe. Amesimama peke yake, mbali na wenzake. Sara yuko mgongoni kwake, amefungwa kwa kanga ya Eliza. Mwanamume, na mtoto mgongoni. Yona amenyoa kichwa, kama mfiwa.
Nilijua. Bado nikauliza.
"Yona! Eliza yuko wapi?"
"Tumemzika Alhamisi, shemeji."
"Mbona hamkuniambia?"
"Ningemtuma nani? Njia imefungwa, mukwai," akasema, kwa neno lao la heshima.
Akasema wachanjaji walipopita kijijini, yeye na mtoto walichanjwa. Eliza alikuwa shambani. Waliahidi kurudi. Hawakurudi.
Sara alinyoosha kidole kwenye taa. Hakunitazama. Nikaingia chini ya kamba. Askari, yule yule, alinishika kiunoni, akanirudisha. Hakunipiga. Alikuwa analia.
Nyuma yetu watu walikuwa wanaimba.

Jumanne, 25 Desemba
Kanisani. Sikuimba. Majirani wameketi nami toka mchana. Wanasema Mungu amependa. Mimi sikupenda.

Alhamisi, 3 Januari 1952
Nimenyoa nywele.

Jumamosi, 19 Januari
Kamba imetolewa. Nimevuka asubuhi, mwendo mfupi tu. Mwendo mfupi namna hii.
Kaburi liko nyuma ya boma la ng'ombe. Udongo umeshatitia kwa mvua. Nimekaa hapo.
Mama yake Yona alinipa kigoda na kuniwekea chakula, namshukuru. Sara alinikataa, akalia, akamkimbilia bibi yake. Baadaye akasogea. Akanitazama sana usoni. Nikammegea ugali, nikachovya kwenye maharage. Akapokea kwa mdomo, akabaki amesimama, ameegemea magoti yangu, anatafuna.
Mvua imeanza tukiwa bado tunakula. Nimelala huko huko.