Pamba Miguuni kwa Bwana

Mjukuu wangu Neema,

Huku Bunda hatujambo, ila babu yako anakohoa kidogo. Umeniuliza kwenye nembo ya taifa, ile Bibi na Bwana, pamba iko kwa nani. Iko miguuni kwa bibi. Karafuu ndiyo ya bwana.

Sisahau. Miaka ile rangi ilikuwa adimu, na mwalimu alimpa Nyamisi, mwanafunzi mwenzangu, aichore nembo hiyo ukutani pa shule, si mimi. Nikamwonea wivu. Akaweka pamba kwa bwana, kisha akaniita.

"Kwenu pamba unaionaga kila siku. Nimeiweka sawa?"

"Sawa kabisa," nikamjibu.

Mgeni wa shule aliiona, akacheka mbele ya wazazi. Nyamisi alinitazama mimi tu.

Na ule mlima wanaosimama juu yake bibi na bwana alikuwa ameuchora vizuri, mjukuu wangu. Hadi leo inaniuma.

Bibi yako wa Kabasa