Poda Juu ya Injini

Jumamosi, 29 Machi 2008

Asubuhi nilikuwa bandarini na Alier. Tishari limefika kutoka Bor, limejaa samaki wakavu na mbuzi. Mama mmoja wa kwao alimtafuta kwenye umati mpaka akampata. Ana ujumbe wa Yar, dada yake Alier. Miguu imemvimba, hatoki tena nje. Alier aende upesi, na aende na Kuol, ili sensa ya Aprili iwakute wote nyumbani. Kuol ameshafagiliwa nyumba.

Kuol ni mdogo wao. Alier aliondoka naye mwaka 1987, mtoto wa miaka kumi, wakaenda Ethiopia kwa miguu. Zaidi ya hapo hajanieleza, na tangu tupange vyumba katika ua mmoja hapa Jebel, Juba, sijamuuliza.

Nikamshauri apande tishari hilo hilo likirudi. Hataki. Ataenda na pikipiki yake, asiingie kwao kama gunia la mtama.

Pikipiki yenyewe! Ya Kijapani, kuukuu, aliinunua kwa shirika lililofunga ofisi. Petroli inavuja chini ya tangi, oili inavuja ubavuni. Mvua zikishika, barabara ya Bor itakuwa tope tupu, hakuna atakayepita. Na miguu ya Yar haitangoja kiangazi kijacho. Shule ninayofundisha imefungwa, nimemwahidi nitaitengeneza pikipiki.

Jumatatu, 31 Machi

Tumeanza kwa kuisafisha, kwa mafuta ya taa na mswaki. Alier aliona ninapoteza wakati. Nikamweleza: kwenye injini chafu huwezi kujua kinachovuja ni kipi. Oili husafiri. Hutokea juu, upepo ukaisukuma nyuma, ikadondoka mahali pasipo na kosa lolote.

Namukasa, Mganda mwenye kibanda cha chakula langoni, alikuja ameziba pua.

— Muzee Rufus, mimi iko na moto hapa! Munataka kuniivisha pamoja na maharagwe?

Ana haki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kwa chini mpaka uukute moto. Nikamweleza hivyo.

— Basi iambie isitambae!

Tukaisogeza pikipiki hadi nyuma ya ua. Tulicheka, mimi na Namukasa.

Koki ya tangi nimeifungua. Mpira wa ndani umekauka na kupasuka kama kisigino. Nimepata mwingine sokoni, si wa aina yake, nimeupunguza kwa wembe. Juu hakuvuji tena. Kabureta bado.

Jumatano, 2 Aprili

Kabureta. Ndani yake kuna boya dogo, sawa na lile la tangi la choo cha kuvuta. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano izibe njia. Sasa chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya sindano, njia haizibiki, na petroli humwagika usiku na mchana. Ndiyo petroli ya chupa za barabarani hiyo! Nimeipata chembe. Nimemwonyesha Alier kwenye kucha yangu.

— Kitu kidogo hivi?

— Kidogo hivi.

Aliitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama pikipiki ikipona itafika Bor. Nikasema itafika. Akauliza tena: bila kuharibika njiani? Bila kuharibika. Akaondoka haraka kwenda kunawa mikono. Nilidhani ni furaha.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo oili. Kifuniko cha ubavuni, gasketi, karatasi ngumu ya kuziba kati ya vyuma, imekatika. Ya dukani haipo Juba nzima. Nimekata nyingine kwenye katoni ya biskuti: unalaza katoni juu ya kifuniko, unagonga kingo taratibu kwa nyundo, na chuma chenyewe kinaikata. Unaipaka oili kidogo. Boliti unazikaza kwa kuvuka upande huu na ule, kila moja kidogo kidogo. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, kifuniko kinapinda, na kazi yote ni bure.

Jioni manyunyu. Ya kwanza mwaka huu. Alier alitoka akasimama mvuani, akatazama upande wa mto.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya majaribio. Nimemwomba Namukasa poda ya mwanawe, nikaipaka injini yote, na kabureta pia. Pakivuja hata tone, poda huchora mstari. Namukasa alishika kiuno:

— Sasa munaipaka poda! Harusi iko lini? Mimi nitapika.

Tumekwenda mpaka mtaa wa Mangateen na kurudi, Alier mbele, mimi nyuma. Tuliporudi — nyeupe yote! Hakuna mstari. Kwa umri wangu nimeruka kidogo, na Namukasa ameniona.

Nimeiacha na poda yake, niitazame tena injini ikishapoa kabisa; chuma kikipoa husinyaa. Nimemwambia Alier Jumatatu anaweza kuondoka.

— Kalas, basi. Jumatatu.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikwenda kanisani peke yangu. Alier alisema kichwa kinamuuma. Niliporudi, harufu ilinipokea langoni. Dimbwi la petroli chini ya pikipiki! Skrubu za bakuli la kabureta zimelegea, zile zile nilizozikaza Jumatano.

Nikapiga magoti nizikaze. Hapo nikaona. Poda imefutika pembeni ya skrubu. Alama ya kidole gumba upande huu, vidole viwili upande ule. Safi kama mhuri.

Nikadhani ni mwizi wa petroli. Nikamuuliza Namukasa nani aliingia.

— Hakuna mutu, muzee. Ni Alier tu alikuwa anachuchumaa hapo na bisibisi. Mimi nilijua iko natengeneza.

Alier alikuwa kitandani, uso ukutani, amevaa suruali yake nyeusi ya Jumapili. Gotini, poda.

Nikarudi kwenye pikipiki. Nimezikaza skrubu upya. Nimeisogeza chini ya upenu, nimetandika katoni safi chini ya injini, nione kama inavuja.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakuondoka, bila shaka. Tulikunywa chai. Nikaanza kueleza, kama kawaida yangu: skrubu hulegezwa na mtikisiko. Pikipiki iliyosimama haitikisiki. Kwa hiyo pikipiki iliyosimama —

— Mwalimu, wewe kila kitu lazima ukieleze?

— Vinavyoelezeka.

— Basi umejua.

— Nimeujua mkono. Sababu sijaijua.

Aliweka kikombe chini. Akaniambia Yar anaamini Kuol yuko Nakuru. Kila aliyekuwa akienda kwao, miaka yote ya vita na baada ya vita, alibebeshwa salamu hizo.

— Kwanza nilisema yuko shule. Halafu shule ikawa ndefu.

— Yuko wapi?

— Mtoni. Ule wa mpakani, tulipofukuzwa Ethiopia. Nilikuwa nimemshika.

Akautazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma, kana kwamba una oili.

Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Nikammiminia chai nyingine. Mwishowe nikasema pikipiki ina kiti cha nyuma, na mimi niko likizo. Alikwenda kuosha vikombe.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu adhuhuri. Katoni kavu.

Jumatano, 9 Aprili

Katoni kavu. Alier ameitazama kabla yangu. Nyayo zake ziko kwenye tope. Jioni ameleta kamba za kufungia mizigo, ameziweka mlangoni pangu bila kubisha.

Alhamisi, 10 Aprili, Mongalla

Tumevuka daraja mapema. Namukasa alitupa chapati na akanishika mkono kwa nguvu: nisimwache Alier ajiendeshe na mawazo. Njia mbaya lakini inapitika. Hatukutoka nje ya alama za magurudumu. Kando kuna mawe mekundu ya kuonya kuhusu mabomu.

Tumesimama hapa tule. Niliingiza kiganja chini ya injini. Kikavu. Nikamwonyesha Alier, naye akaingiza chake. Kikavu.

— Mwalimu, nitaanzaje?

Nikamwambia sijui. Aanze na jina.

Sasa niko juu ya jiwe, naandika. Yeye amesimama kando ya pikipiki, mikono juu ya tangi, anasema nalo polepole kwa Kidinka. Kidinka sijui. Majina nayajua. Yar. Kisha maneno mengi. Kisha Kuol — na hapo anakwama, anarudi mwanzo. Watoto wawili wa hapa wamesimama wanamsikiliza, hawacheki. Mawingu yanakuja kutoka mashariki.

Yar. Kuol. Safari hii amepita. Sauti imeshuka, lakini amepita, amefika mwisho, na mtoto mmoja ameangalia chini.

Amefuta uso kwa mkono wa shati. Ameniashiria nipande. Bado koki tu ifunguliwe, petroli ishuke na injini iwake. Ameinama, anapeleka mkono chini ya tangi. Naacha kuandika. Nautazama mkono —